Siku za Bibi Zinakwisha

Wiki iliyopita nilikaa jikoni natwanga pilipili manga ya kumpelekea binti yangu, anayeishi mbali, kwenye nchi ya baridi, na anayetarajia kujifungua. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kuomba viza ya kukaa kwake muda mrefu. Kijana mmoja mwenye adabu zake aliniuliza kupitia kioo nataka kukaa huko mpaka lini, na kwa nini muda wote huo. Nikamwambia nakwenda kumlea mzazi. Akaandika, akanishukuru, nikaondoka. Sikuogopa, maana nilikuwa na kila kilichotakiwa. Lakini nilipoanza kutwanga na harufu ile ikanipanda puani, niliweka mchi chini. Nilikuwa nimerudi uani kwetu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na bibi yangu alikuwa anakaribia kufa.

Au ndivyo nilivyoamini. Niliamini hivyo kwa muda mrefu kuliko mtoto anavyopaswa kubeba jambo la namna ile peke yake.

Ninyi wa rika langu mnaijua miaka ninayoisema. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ndio tuliokula, sabuni ya mche ilikatwa kwa uzi ili itoshe vyumba viwili, na mtoto alitumwa akashike nafasi kwenye foleni hata kabla haijajulikana dukani kumeletwa nini. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya watu wengi, choo kimoja, bomba moja uani. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli pale Gerezani. Mama alikuwa mtu wa Mombasa. Walikutana hukohuko, Baba alipopelekwa kikazi ujanani, wakati treni na watu walipokuwa wakivuka mpaka bila mtu kushtuka.

Mama alipokaribia kujifungua, Bibi akaja kwa basi kutoka Mombasa, akimwacha nyumbani mama mdogo Rukia. Huko kwao alikuwa amepewa tende na halua na kila mtu aliyesikia anakuja Dar, akavigawa vyote uani siku ileile. Baba akampeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi kumwarifu kwamba tuna mgeni, kama ilivyotakiwa, na balozi akamkaribisha vizuri. Bibi alitaka tumwite Nyanya, kama wanavyosema kwao. Watoto wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, kwa sababu kwetu nyanya ni ya mchuzi. Akakubali kuwa Bibi. Kesho yake aliniita, “Ndoo, mjukuu wangu,” nikakimbia nikamletea ndoo ya maji. Kwao “ndoo” ni “njoo”. Hiyo nayo ilichekesha nyumba nzima, na hakuna aliyefikiri kwamba maneno yake yangekuja kutuogopesha.

Mdogo wangu Salimu akazaliwa. Bibi alimkanda Mama kwa maji ya moto, akamfunga mkaja tumboni, akampikia uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, chumba kikanuka pilipili na mafuta ya nazi. Mama alilala tu. Nikaambiwa mzazi hulala mpaka arubaini. Arubaini ikapita, Mama akaendelea kulala, miguu imemvimba, amejiegemeza kwenye mito mitatu. Sikushangaa. Sikuwa nimewahi kumwona mzazi mwingine kwa karibu, nikadhani ndivyo wanavyokuwa. Kwa muda uleule kukazuka maneno kwenye redio ambayo watu wazima waliyasikiliza wamenyamaza. Nchi hizi mbili, yetu na ya kwao Bibi, zilikuwa zimegombana, na mpaka ukafungwa. Nilichoelewa mimi ni kwamba Bibi hatarudi kwao upesi, nikafurahi.

Mchana mmoja nilikuwa nimelala kwenye mkeka nyuma ya pazia lililogawa chumba. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini mapema, jambo lisilo la kawaida. Nikamsikia Mama akisema kwa sauti ya chini, akipumzika katikati ya maneno, “Siku za mama zinakwisha.”

“Najua,” Baba akajibu. “Nimekwenda kuomba waongeze. Wanasema mkubwa wao ndiye ataamua. Akikataa, hatuna la kufanya.”

Mama akaanza kulia. Mimi nilibaki vilevile, uso kwenye mkeka.

Lazima niwaeleze nilichokuwa nakijua wakati huo. Chumba cha nyuma alikaa mzee mmoja mshona viatu, na alipofariki kila aliyeingia kutoa pole alisema siku zake zilikuwa zimekwisha. Na chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu wetu alitufundisha kwamba siku za kila mtu zimeandikwa. Sikuwa nimewahi kujiuliza zimeandikwa wapi. Sasa nikajua. Kulikuwa na ofisi mjini, yenye mkubwa wake, na Baba alikuwa amekwenda kumwombea Bibi pale, naye bado hajakubali. Kwamba watu wazima walikuwa wakizungumzia kibali chake cha matembezi, ruhusa aliyopewa mpakani ya kukaa nchini kwa muda, hilo halikunijia hata kidogo. Nilikuwa sijui kama binadamu anahitaji ruhusa ili akae na mwanawe.

Sikumwambia mtu. Niliona kama nikilitamka, litaharakishwa. Nikaanza kumlinda Bibi. Alipojilaza baada ya adhuhuri nilikaa kando yake nikitazama kifua kinapanda na kushuka, na kikikawia kupanda nilimgusa nikajifanya namfukuzia nzi. Akikohoa, chakula kilinishinda. Nilimwona anasali muda mrefu kuliko zamani. Nilimkuta mara moja mbele ya jiko la mkaa, machozi yanamtiririka na moshi haupo, nikaamini anajililia mwenyewe. Aliponiona alijifuta kwa ncha ya kanga akaniuliza mbona simwachi hata dakika moja. Nikasema nampenda. Ilikuwa kweli, ila haikuwa jibu.

Siku ya mwisho niliijua kwa sababu Mama aliitaja asubuhi. Alisema, “Leo ndiyo leo.” Nilikataa kwenda shule. Nililalamika tumbo, nikapewa mafuta ya nyonyo, nikayanywa bila ubishi ili nibaki. Nilishika buibui la Bibi mchana kutwa. Alifua nepi, akapepeta mchele, akamkanda Mama miguu, akamlaza Salimu begani mpaka akacheua. Jua likazama. Bibi alikuwa hai, anauliza nani kachukua kijiko chake.

Nilidhani nitafurahi. Badala yake hofu iligeuka ikawa kubwa zaidi. Kwa hesabu yangu, Bibi sasa alikuwa anaishi kwa siku zisizo zake. Wakimwona watamchukua. Na watu wazima wakanithibitishia jambo hilo pasipo kujua, kwa sababu balozi alikuja jioni ya pili yake, akakaa barazani na Baba, akasema kwa upole kwamba yeye anatujua, ni ndugu zake, lakini mgeni aliyepitiliza muda wake asionekane ovyo mitaani mpaka ofisi ijibu. Hati ya Bibi ilikuwa imebaki hukohuko ofisini. Hakuwa na kitu cha kuonyesha mkononi.

Akakaa ndani. Lakini Mama alikuwa hawezi kula kitu chochote isipokuwa ndizi mbivu na mchuzi mwepesi usio na chumvi, na jirani yetu wa chumba cha mbele, Mama Chiku, aliyekuwa akituletea vitu vidogovidogo, alishinda sokoni akiuza vitunguu na alirudi jioni. Siku moja Mama hakula tangu asubuhi. Bibi akavaa buibui lake, akanishika mkono, tukatoka.

Ilikuwa kipindi kile cha kusaka watu wasio na kazi mjini, wapelekwe vijijini wakalime. Tulikuwa tumeshanunua ndizi, tumefika kwenye vichochoro vya nje ya soko kubwa, tuliposikia filimbi. Watu wakaanza kukimbia. Kapu la dagaa likamwagika, mtu akalikanyaga, harufu ikatuzunguka. Mgambo walikuwa wameziba njia mbele na nyuma, na wakaanza kuuliza mmoja mmoja: unakaa wapi, unafanya kazi gani, kitambulisho kiko wapi. Bibi alinivuta karibu. Aliinama akaninong’oneza kwamba yeye hatasema neno, niseme mimi. Nilielewa kwamba akifungua mdomo watamjua kwa lugha yake. Lakini kichwani mwangu hawakuwa wanatafuta mgeni. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya siku zake.

Mgambo mmoja, kijana mrefu mwenye jasho usoni, akasimama mbele yetu. Akamwuliza Bibi anakaa wapi. Bibi akatazama chini. Akauliza tena. Nilifungua mdomo na hakikutoka chochote.

“Huyo mama yangu,” ikasikika sauti pembeni. Alikuwa Mama Chiku, amechuchumaa nyuma ya vitunguu vyake, hata kuinuka hakuinuka. “Hasikii vizuri. Mama, mbona umesimama? Njoo unipangie mafungu.”

Bibi akaenda akakaa chini, kwenye vumbi, na buibui lake safi. Akaanza kupanga vitunguu mafungu mafungu, vikubwa chini, kimoja kidogo juu, kama amefanya hivyo miaka yote. Nami nikakaa. Kijana yule alitutazama kwa muda niliouona mrefu mno, kisha akaitwa na wenzake, akaenda. Walipoondoka na watu waliowakamata, Mama Chiku alijiziba uso kwa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika. Tulirudi nyumbani pamoja.

Siku chache baadaye ikaja habari kwamba Bibi anatakiwa afike ofisini yeye mwenyewe. Mama Chiku alibaki na Mama na mtoto. Mimi ilikuwa niachwe pia, lakini niliyashika mapindo ya buibui la Bibi, na vidole vyangu havikufunguka hata Baba aliponikaripia, nikachukuliwa. Tulikwenda kwa miguu, tukakatiza mtaa wa Mchafukoge, tukapita maduka yaliyokuwa wazi bila bidhaa, mpaka karibu na bahari ambako majengo yalikuwa na nguzo. Njia nzima nilijaribu kufikiri nitamwambia nini huyo mkubwa. Nilikuwa tayari kutoa siku zangu. Nilikuwa mdogo, lazima nilikuwa nazo nyingi.

Ofisa alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kunitazama. Nilishangaa kwamba anaitika kama watu wengine.

Alisema mambo mengi kwa Baba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema asubuhi hiyo hiyo kwa wengine. Wageni wa upande ule waliopitiliza muda wanarudishwa kwao. Kuna utaratibu umewekwa. Alimwuliza Bibi nini hasa kinachomweka hapa, na Bibi akajibu kwamba amekuja kumlea mwanawe aliyejifungua. Ofisa akasema mtoto mwenyewe sasa anageuka kitandani, na kila bibi anayefika mezani pake ana mjukuu mchanga.

“Mwanangu nitamwata vipi?” Bibi akasema. Kwao kuacha ni kuwata. Ofisa alielewa, lakini alitikisa kichwa.

Baba alikuwa amesimama muda wote akiishika kofia yake kwa mikono miwili. Alinitazama. Sasa najua kwamba alikuwa anapima kama naweza kustahimili kusikia. Kisha akaona hana njia nyingine.

“Ndugu,” akasema, “mke wangu hawezi kumnyanyua mtoto wake. Akivuka chumba anatweta. Daktari anasema uzazi umeuchosha moyo, na moyo haujarudi. Ameniambia nijiandae. Nina mtoto huyu na yule mchanga, na mimi niko karakana tangu asubuhi. Mkimwondoa mama huyu, sina mtu.”

Nilimtazama Bibi, aliyesimama imara kwa miguu yake, mwenye afya, na macho makavu. Halafu nikamwona Mama kichwani mwangu: mito mitatu mgongoni, maneno yanayokatika katikati, miguu iliyovimba ambayo Bibi aliikanda kila siku mbele yangu. Nilikuwa nimelinda mlango usio na mwizi. Wiki zote zile nilipokuwa nahesabu pumzi za Bibi, Mama alikuwa upande wa pili wa pazia.

Ofisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwuliza Baba jina la hospitali, Baba akamtajia. Akachukua hati ya Bibi, akagonga mhuri, akaandika miezi sita. Akasema muda huo ukiisha turudi, na kama mgonjwa ataweza kutembea, tuje naye.

Tulipotoka nje nilishindwa kwenda. Nilikaa kwenye ngazi ya jengo la watu. Bibi akakaa kando yangu, nikamwuliza kama siku zinazokwisha ni za Mama. Nikamwambia yote: pazia, mshona viatu, ofisi ya kuandika siku. Baba aligeukia barabarani akatuonyesha mgongo.

Bibi hakucheka. Aliniambia siku za mtu hazikai ofisini, anazijua Mungu peke yake, na yule bwana kampa yeye ruhusa ya kukaa tu. “Mamako ni mgonjwa sana,” akasema. “Sitakudanganya. Nami nikiwapo hatabeba maji, hatawasha moto, atakunywa dawa zake na atalala. Hilo ndilo tuwezalo. Utanisaidia?”

Nikasema nitamsaidia.

Hiyo miezi sita sikuishi kama mtoto. Nilijua saa za vidonge vya Mama kabla sijajua vizuri kusoma saa. Nilijifunza kumbeba Salimu kiunoni ingawa alikaribia kunizidi uzito. Kila nilipotoka shule nilipunguza mwendo nikifika kona ya mtaa wetu, nitazame kama kuna viti vimetolewa nje, kama kuna wanaume wamesimama kwa pamoja. Nilipoona hakuna ndipo nilipokimbia. Mama alipata siku mbaya ambazo midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, na Bibi alimkalisha akamwegemeza kifuani kwake akimpepea mpaka pumzi ikatulia. Halafu, bila mtu kuweza kusema ni lini, mito ikawa miwili. Ikawa mmoja. Mama akatoka uani akakaa kwenye kigoda kwenye jua. Siku aliyochambua mchele mwenyewe, Mama Chiku alimsimamia akimtazama kama sinema.

Muda ulipokwisha tulikwenda ofisini wote. Mama alitembea. Tulipumzika mara nyingi njiani, lakini alitembea, amevaa gauni lake la maua, na Baba hakuweza kuificha furaha yake. Nadhani alitaka kumwonyesha ofisa yule wa miwani. Hakuwepo. Kulikuwa na kijana mpya mezani, hajui lolote kutuhusu. Alisoma, akamtazama Mama, akamwuliza kama yeye ndiye mgonjwa. Mama akasema ndiye. Akamwuliza anaendeleaje, na Mama, kwa adabu aliyolelewa nayo, akasema anaendelea vizuri, alhamdulillahi.

“Basi sababu imekwisha,” kijana akasema. “Bibi arudi kwao.”

Hakuwa mtu mbaya. Alimpa wiki mbili za kujiandaa na akamwandikia ruhusa ya kuvuka mpaka uliofungwa. Baba alijaribu kueleza, lakini kila alichosema, Mama alikuwa amesimama pale kwa miguu yake akikikanusha.

Baba alimsindikiza Bibi mpaka Horohoro, mpakani. Alituambia aliporudi kwamba Bibi alivuka peke yake, na hakugeuka nyuma. Mpaka ulibaki umefungwa miaka. Barua zilizunguka kwanza kupitia nchi za watu wengine, na nyingi hazikufika. Moja iliyofika, iliyoandikwa na mama mdogo Rukia, ilisema Bibi amefariki na kwamba ameshazikwa zamani. Mama alikaa matanga Kariakoo, mbali na kaburi, Mama Chiku na wanawake wa uani wakampikia.

Mpaka ulipofunguliwa, nilikuwa msichana wa kuvunja ungo. Mama alituchukua mimi na Salimu, tukapanda basi la Mombasa. Hakusema mengi njiani. Tulipobisha hodi, mama mdogo Rukia alifungua mlango, akamwona Mama, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Alikuwa kama mtu anayetaka kusoma dua na hakumbuki.

Tulimpa maji. Alipoweza kuzungumza alitueleza kwamba mwaka mmoja baada ya Bibi kurudi, msafiri mmoja alileta habari kwamba yule mwanamke wa Kariakoo, mke wa fundi wa reli, moyo umemshinda, amekufa. Barua za Mama hazikuwa zikifika. Watu wote walisadiki, yeye Rukia mwenyewe alisadiki, na ndiyo maana barua yake ya msiba aliielekeza kwa Baba peke yake. Majirani walikuja na majamvi wakayatandika kwa ajili ya matanga. Bibi akatoka chumbani akasimama mlangoni.

Mama akamwuliza alisema nini.

“Alisema, ‘Mwanangu nimemwata akitembea. Kunjeni majamvi.’ Wakamsihi. Hakukubali, wala hakuvaa kaniki ya msiba. Mpaka anakufa alikuwa akisema una safari ya kuja.”

Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Bibi, mikono mapajani. Kisha akamwomba mdogo wake arudie maneno yale, kama yalivyosemwa. Rukia akarudia. Mama akamwomba arudie tena.